Nilivyoacha kuitikia salamu Kibondo nikiutafuta mwanga wa Kibudha, na kilichonikuta Gwarama

Wakuu, nawasalimu wote, wa zamu ya mchana na wale wa kuchungulia kazini.

Mimi ni msomaji wa kimya humu. Leo naleta langu. Sina cha kuuza, sina kanisa, sina semina. Nitaeleza kama ilivyokuwa, na pale nisipokumbuka nitasema sikumbuki.

Ni habari ya kitu kilichonipata mara moja tu maishani, miaka ya tisini, nikiwa kijana. Kwa Kiingereza wanaita enlightenment, kupata mwanga wa ndani. Mimi bado naona aibu kulitumia hilo neno kwa ajili yangu, kwa hiyo nitasema "ile hali".

Twende taratibu.

Waliokuwepo Kibondo katikati ya miaka ile wanakumbuka. Ndugu zetu kutoka Burundi walikuwa wameingia kwa makundi, na baadaye wengine kutoka Kongo wakapelekwa upande wa Kasulu. Vilima tulivyovizoea vya mihogo na maharage vikageuka vya maturubai. Magari meupe yakajaa barabarani na vumbi jekundu likakaa hadi kwenye chumvi.

Kijana yeyote aliyejua Kiingereza cha kuungaunga alipata kazi.

Changu nilijifunza mwenyewe, kwa redio ya betri na kamusi iliyong'oka jalada. Nyumbani ni Kiha, na Kiha na Kirundi ni watoto wa tumbo moja. Basi nikachukuliwa kuwa mkalimani kwenye zahanati ya kambi moja nje ya mji wa Kibondo. Shirika silitaji.

Kazi yangu ilikuwa kukaa katikati. Mgonjwa anasema Kirundi, nageuza Kiingereza. Nesi anajibu Kiingereza, nageuza Kirundi. Wa Kongo akija namwekea Kiswahili chake chenye Kifaransa ndani.

Kazi nzuri kwa mtu mwenye moyo mtulivu. Mimi sikuwa mtu huyo.

Niwe mkweli wakuu. Tangu utotoni nilikuwa mgonjwa wa kukosea. Si kwamba nilikosea sana. Niliogopa kukosea. Nikifunga mlango narudi kuusukuma. Nikiandika barua naichana kwa sababu ya herufi moja kuinama. Siku hizi vijana mna jina lake, overthinking. Sisi tuliambiwa tu "huyu mtoto ana wasiwasi."

Sasa mweke mtu huyo mahali ambapo neno moja likipotea mtoto anaweza kupewa dawa isiyo yake.

Nilianza kumuuliza mgonjwa swali lilelile mara mbili. Kisha mara tatu. Kisha kwa maneno tofauti, nihakikishe. Mama mmoja wa Kirundi alinikasirikia: "Nimekwambia ni kuhara! Unataka nikuoneshe?"

Foleni ilikuwa inazunguka banda na kurudi. Na usiku sikulala, narudia mazungumzo ya mchana moja moja.

Tulikuwa na muuguzi wa serikali ametoka Tanga, dada Tabu, mcheshi kupita kiasi. Alinibatiza jina Bwana Rudia.

"Bwana Rudia, wewe siku ukifa utafufuka kuhakikisha kama kaburi limefukiwa sawasawa."

Watu wanacheka. Mimi nacheka nao. Moyoni nafikiri: kweli, nitafanya hivyo.

Mkuu wa zahanati akaniita pembeni akasema kwa upole kwamba nikiendelea hivi atatafuta mtu mwingine. Hapo nikajua ninachopoteza si kazi tu. Nilikuwa naogopa kwamba kichwa changu kitanimaliza kabla ya miaka thelathini.

Ndipo namleta Haruko.

Haruko alikuwa nesi Mjapani, mkunga. Mfupi, nywele kazikata kama mvulana, umri wa mama mdogo. Watu walimwita mzungu kwa kukosa neno jingine.

Niwaeleze kitu wasio wa Buha, nchi yetu Waha. Kwetu salamu si neno, ni kazi. Asubuhi ukikutana na mtu mzima unainama, mikono miwili inapigapiga makofi ya polepole, "Mwakeye," naye anaitikia, na hapo ndiyo kwanza mmeanza. Mtaulizana nyumba, watoto, mbuzi, shamba, jirani aliyelazwa, na makofi yanaendelea chini kwa chini kama mtu anayepepeta unga. Wanawake wanapiga goti kabisa. Mgeni kutoka Dar anaona tunapoteza muda. Sisi tunaona yeye hana kwao.

Haruko, wiki yake ya mwanzo, aliwaona bibi wa foleni wakisalimiana. Kesho yake akapiga goti mbele yao kwenye vumbi, akainama hadi paji la uso likakaribia ardhi, akapiga makofi yale yale. Bibi mmoja akashika mdomo.

"Huyu mzungu amelelewa!"

Kuanzia siku ile zamu yake ilikuwa na foleni ndefu kuliko zote.

Lakini kilichonivuta kwake ni kingine. Siku zilizojaa, watoto wanalia pande zote, dripu zimekwisha, sote tumechanganyikiwa, yeye alikuwa anamshika mgonjwa mmoja kana kwamba duniani kuna mgonjwa huyo tu. Akimaliza, anamshika mwingine vilevile. Hakuwa mzito. Hakuwa na haraka. Na mtoto alipomfia mikononi, alimlilia waziwazi, akanawa, akamwita anayefuata.

Mimi nilitaka hicho kitu kuliko mshahara.

Asubuhi moja nilimpelekea ujumbe kwenye nyumba yao nikamkuta barazani. Amekaa juu ya gunia lililokunjwa, miguu ameikunja, uso umeelekea ukutani, macho nusu wazi. Hafanyi chochote. Nilisubiri. Alipomaliza aliinamia ukuta, akageuka, akanisalimia.

Nikamuuliza ni sala gani.

Akasema si sala. Ni kuketi. Bibi yake kule kwao alikuwa akiketi hivyo, hekalu la Wabudha lilikuwa nyuma ya nyumba yao.

"Unafikiri nini ukiwa hapo?"

"Natumaini sifikiri. Lakini nafikiri sana. Leo nilifikiria samaki."

Nikamwomba anifundishe. Akakataa, akasema yeye si mwalimu. Nikaomba tena. Mnanijua, narudia. Mwishowe akasema: keti, mgongo wima, sikiliza pumzi. Kinachokuja, kije. Kinachoondoka, kiondoke. Usikifukuze, usikishike.

Ni hayo tu, wakuu. Darasa zima.

Siku kadhaa baadaye, nikimsumbua kwa maswali, aliniambia pia kwamba kuna wakati mtu anayeketi anasahau kwamba kuna anayeketi. Ndani na nje vinakosa ukuta. Bibi yake alilipata hilo mara moja akichota maji, na hakupenda kulisema.

Hilo ndilo nililoondoka nalo. Nikajiambia: lazima nilipate. Na nilipate sawasawa.

Tatizo likaanza hapo.

Nilikuwa naishi na mama yangu, wawili tu, baba alishafariki. Nikachagua kuketi nyuma ya nyumba alfajiri, kwenye gunia la makapi ya maharage, uso kwenye ukuta wa udongo. Pahali pazuri. Ila nyuma ya nyumba yetu ndiko njia ya kwenda mashambani, na alfajiri ndiyo saa ya watu kupita na majembe.

Kila anayepita anasalimia. Mmoja, wawili, kundi.

Na mimi nikiitikia, pumzi inapotea. Naanza upya. Anapita mwingine. Naanza upya.

Haruko alisema usikifukuze. Mimi nikaongeza sheria yangu: usiitikie. Kisha nikaongeza nyingine: hata njiani kwenda kazini nisiitikie, ili nisipoteze utulivu nilioupata. Kisha nikaona hata mama asubuhi ananivuruga. Nikawa napita mbele yake nimeinamisha macho kama padri.

Niliona naendelea vizuri sana!

Jirani wa kwanza alidhani sijamsikia. Wa pili akamuuliza mama kama nina masikio mazima. Mmoja akasema pesa za mashirika zimenipanda kichwani. Mwingine akasema nimeingia dini ya Mjapani, kule wanaabudu kuta.

Mama alivumilia. Ni mwanamke wa kwaya, mwenye ulimi, lakini alivumilia. Asubuhi moja akaja na uji, akapiga makofi, akanisalimia kwa ukamilifu wote, yeye mama, mimi mtoto. Aligeuza utaratibu kusudi nishtuke.

Sikugeuka. Nilikuwa nimeishika pumzi vizuri.

Akaweka kikombe chini. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa: "Kwetu asiyeitikia ni maiti. Na mimi maiti nimeshazika moja ya nyumba hii, inatosha."

Jioni niliporudi nyumba ilikuwa imefagiwa, mlango umeegeshwa, mama hayupo. Amekwenda kwa dada yake mkubwa, huko Gwarama.

Wakuu, mtaniuliza nilijisikiaje. Kusema ukweli, kwanza nilifikiri: sasa pametulia, nitaketi vizuri.

Nikaketi. Nyumba kimya. Njia kimya pia, maana watu walishaacha kunisalimia. Na ndani ya kimya kile hofu ilikuja kubwa kuliko zote. Si ya kukosea neno. Nilijiona nimekuwa kitu kilichowekwa nyuma ya nyumba. Nikashika ukuta.

Kazini Haruko aliniona uso. Nikamweleza yote. Nilitegemea anipongeze kwa juhudi.

"Nani alikuambia usiitikie?"

"Mimi mwenyewe. Ili nisikatike."

"Unaketi ili uwe ukuta?" akasema. "Kuta tunazo nyingi."

Tabu alikuwa anafunga bandeji pembeni, akadakia: "Mwambie huyo! Amenipita jana kama nguzo ya simu."

"Mama yuko wapi?" Haruko akauliza.

"Gwarama."

"Basi pa kuketi ni Gwarama. Nenda. Tabu atatafsiri."

"Mimi? Kirundi changu ni cha sokoni!"

"Hicho hicho," akasema Haruko.

Nikaazima baiskeli. Wanaozijua barabara zile (siku hizi Gwarama iko wilaya ya Kakonko, enzi hizo kote kulikuwa Kibondo) wanajua kwamba nusu ya safari baiskeli ndiyo inakupanda wewe. Nilisukuma kilima, nikateremka, nikasukuma. Njiani nilipanga maneno ya kumwambia mama. Nikayapanga tena. Kufika katikati nilikuwa na hotuba iliyonyooka yenye utangulizi.

Nilifika jua limeanza kulala upande. Mama na mama mkubwa walikuwa uani wanapura maharage kwa fimbo, makapi yanaruka. Mama aliniona. Akaendelea kupiga.

Hotuba yote ikapotea. Hata neno la kwanza.

Nikalaza baiskeli. Nikapiga goti pale pale kwenye makapi, wanaume kwetu hatupigi goti namna ile, nikaanza makofi ya polepole. "Mwidiwe, mama," salamu yetu ya jioni.

Fimbo yake ikapiga tena maharage, paa.

Nikaendelea. Nikauliza nyumba. Nikauliza shamba. Nikauliza mbuzi wa mama mkubwa. Hakuna aliyeitikia. Mama mkubwa akakohoa moshi wa jikoni.

Na hapa ndipo nisipoweza kueleza vizuri, mnisamehe.

Sikuwa najaribu chochote tena. Sikusubiri anisamehe. Sikusikiliza pumzi. Nilijua nimeshashindwa kila kitu, kuketi, kazi, kuwa mtoto wa mama yangu, na mikono iliendelea tu kupiga kwa sababu salamu haikatizwi njiani.

Mama akaweka fimbo chini. Akapiga kofi moja, la kuitikia.

Na hakukuwa na kofi la mama lililofika sikioni kwangu. Kulikuwa na kofi. Basi. Halikuwa huko wala huku. Maharage yalikuwa yanang'aa, na kung'aa kule hakukuwa mbele yangu. Kuku, kikohozi, moshi, magoti yanayouma, sauti ya mama ikianza kuuliza habari za Kibondo, vyote vilikuwa kitu kimoja kinachojifanya chenyewe, na yule Bwana Rudia anayesimama pembeni akikagua hakuwepo. Nilimtafuta. Hakuwepo! Kumbe hakuwahi kuwepo namna niliyodhani. Na hofu haikuwa na mtu wa kumshika.

Sijui ilichukua muda gani. Si mwanga wa kuonekana kwa macho, si sauti, si malaika. Kila kitu kilikuwa kama kilivyo, ila hakikupungukiwa na chochote. Hata mimi.

Nilianza kulia na kucheka kwa pamoja.

Mama mkubwa akasogea, akanishika shingo. "Mdogo wangu, huyu ana malaria."

Nikajaribu kusema sina malaria. Nikacheka zaidi. Basi wakanishika wote wawili wakaninywesha klorokwini.

Waliowahi kumeza klorokwini wanajua mwasho wake. Nilikesha najikuna mgongo kwenye nguzo ya nyumba ya mama mkubwa. Na mniamini, hata mwasho ule ulikuwa mzuri.

Asubuhi mama alinipa uji. Nikamweleza nilivyoweza. Alisikiliza, akachambua jiwe kwenye maharage, akasema: "Kama ni Mungu, mshukuru. Kama siyo, mshukuru hivyo hivyo. Sasa nifungie mzigo wangu kwenye baiskeli."

Tukarudi Kibondo, mimi nasukuma, yeye anasalimia kila mtu njiani. Nami naitikia. Ilikuwa safari ndefu sana.

Haruko nilimsimulia kazini. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akaniinamia chini kabisa, kama alivyowainamia wale bibi. Sijawahi kupewa heshima kama ile, kabla wala baada.

Nikamuuliza: je, ndiyo yenyewe? Ni ile kamili au ni ndogo?

Akacheka kwa mkono mdomoni. "Bwana Rudia amerudi," akasema. "Achana nayo. Yule mama mwenye mapacha anasubiri."

Ilinichoma. Nilitaka cheti.

Na kweli ile hali ilififia. Siku kadhaa dunia ilikuwa nyororo, kisha ikaanza kuwa Kibondo ya kawaida. Nikaitafuta. Nikaketi zaidi. Siku moja, mtanicheka, nilimwomba mama apige kofi tena kama la siku ile.

"La mikono au la shavu?" akauliza.

Nikaacha.

Lakini sikilizeni kilichobaki. Wiki fulani baada ya hapo, zahanati imefurika, natafsiri kwa mzee mmoja wa Kirundi. Katikati nikagundua nimemwambia dawa anywe kabla ya kula, wakati Haruko alisema baada. Nimekosea. Mbele ya watu. Kile kitu nilichokiogopa maisha yangu yote.

Hofu ilikuja kama kawaida yake. Niliiona ikija. Nikasema: "Mzee, nimekosea. Ni baada ya kula."

Mzee akasema, "Kabla au baada, chakula chenyewe sina." Watu wakacheka, mimi nikacheka, Haruko akatafuta biskuti za lishe akampa. Nikamwita anayefuata.

Nikamwita anayefuata, wakuu! Sikuuliza mara ya pili. Tabu alisimamisha kazi akanitazama kama mtu aliyeona kobe akikimbia.

Usiku ule nililala.

Haruko alihamishiwa upande wa Kasulu, kisha akaondoka nchini. Kabla ya gari kuondoka walikuja bibi wengi kumuaga, na salamu zile ziliwachelewesha hadi dereva akazima injini akashuka kununua asali. Sikumwona tena. Namshukuru hadi leo.

Najua watakaokuja kusema ni majini, na watakaosema ni njaa ya siku ile na jua. Labda. Mimi bado ni Mkristo, bado naketi asubuhi, na havijawahi kugombana ndani yangu. Wanaojua Ubudha kwa vitabu watanirekebisha, sawa. Mimi sina elimu yake, nilionjeshwa tu, na nilichoonja nakiheshimu.

Nililojifunza ni hili. Nilidhani ile hali ni kitu unachokipata ukiondoa watu, kelele na makosa, ubaki wewe na ukamilifu wako. Nilipoondoa vyote hivyo nilibaki na hofu peke yake. Kilichokuja kilinikuta nimeshindwa, nimepiga goti, na mtu mwingine akaamua kuitikia. Sikukistahili na sikukitengeneza. Na tangu hapo sijamwona mtu wa kupitwa tu bila salamu.

Wasiwasi haukufa. Bado narudi kusukuma mlango. Ila sasa narudi mara moja, na najicheka.

Kama umewahi kupitiwa na kitu kama hiki, shambani, msikitini, kanisani, kwenye msiba, popote, hata kama hukuwahi kujua kinaitwaje, kiandike hapa chini kwa maneno yako. Wenye kupinga nao waje.

Nitamjibu kila mmoja. Hata wa matusi.